Baba alishusha mizigo kwa tishari, mimi nataka kujenga gati: je, nihame chuo?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni binti wa Ngamiani, Tanga. Nilimaliza kidato cha 6 mchepuo wa PCM na sasa nipo mwaka wa pili katika chuo kidogo huko katikati ya Marekani. Chuo kinanilipia karibu kila kitu, nyumbani wanachangia dola 1,200 kwa mwaka. Nasoma fizikia kwa sababu uhandisi hapa hakuna. GPA yangu ni 3.8. Nataka kuomba kuhamia chuo chenye uhandisi, ikiwezekana kimojawapo cha vile vinavyojulikana dunia nzima. Nikija likizo wajomba huniuliza chuo chenyewe kinaitwaje, na nikikitaja hakuna anayekijua. Baba alifanya kazi bandarini, kwenye matishari, yale mashua bapa ya kushushia mizigo ya meli, mpaka alipostaafu. Mama ananiambia usiache mbachao kwa msala upitao. Nifanyeje? Na nikiwaambia maprofesa wangu, hawataniona sina shukrani?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Barua yako imebeba sababu 2 za kuhama na umezifunga kitita kimoja. Ya kwanza ni uhandisi, ya pili ni wajomba. Nakuomba uzitenganishe leo hii, kwa kuwa ile ya kwanza inaweza kukufungulia mlango, na ile ya pili ikinusa hata kidogo kwenye maombi yako itaufunga.

Kabla sijarudi Tanga nilikaa miaka 9 katika ofisi ya udahili ya chuo kimoja huko huko uliko. Kila mwezi Machi yalipita mezani kwangu maombi ya wanafunzi wa vyuo vingine wanaotaka kuhamia kwetu. Wengi walikuwa na alama nzuri kuliko zako. Walichokosa ni jibu la swali moja: unahitaji kitu gani ambacho huko uliko hakipo? Walitujibu kwa kutusifu. Maktaba yenu kubwa, maprofesa wenu mabingwa, jina lenu linaheshimika. Hayo tuliyajua, tuliyachapa wenyewe kwenye vipeperushi. Ombi likishatujibu hivyo tulikuwa tunalisoma mpaka mwisho kwa heshima tu.

Wewe jibu unalo, tena ni la wazi: chuo chako hakifundishi uhandisi. Waombaji wengi wangetamani wawe na sababu rahisi kueleweka kama hiyo. Lakini kuwa na sababu nzuri ni jambo moja na kupata nafasi ni jambo jingine, kwa hiyo tuanze na hesabu ya nafasi.

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anachaguliwa kwa mafungu makubwa. Chuo kinajua kina vitanda vingapi, kinatuma barua, kinasubiri wangapi watakuja. Anayehamia anaingia kwenye tundu lililoachwa na mtu mwingine, na kwenye vyuo vile vyenye majina karibu hakuna anayeondoka. Ndiyo maana Harvard kwa miaka mingi imekuwa ikichukua wastani wa watu 12 hivi kwa mwaka. Yale inapokea maombi zaidi ya 1,000 kwa nafasi kati ya 20 na 30. Princeton iliacha kabisa kupokea wanaohamia mwaka 1990, ikafungua tena mwaka 2018, na mwaka huo waliomba watu 1,429 wakakubaliwa 13. Na mwaka 2008 Harvard ilisimamisha uhamisho kwa miaka 2 kwa sababu ya upungufu wa vyumba vya kulala. Fikiria hilo: kijana anaweza kuwa na kila sifa, akakwama kwa kitanda. Ukikataliwa, usidhani mtu amekupima akakuona hufai. Huenda tundu lenyewe halikuwepo.

Vipo vinavyochukua wengi. Cornell hupokea mamia kila mwaka, na uhandisi wake ni wa kuheshimika. Berkeley na UCLA hupokea maelfu, ila zaidi ya 9 kati ya kila 10 wanaohamia vyuo vikuu vya jimbo la California wanatoka vyuo vya jamii, vile vya umma vya miaka 2, vya jimbo hilo hilo, na mwanafunzi wa kigeni hapewi na vyuo hivyo msaada wa kifedha kwa sababu ya kukosa uwezo. Hao uwafute kwenye orodha bila huzuni. Na kama kuna mtu amekutajia Oxford, wao hawapokei uhamisho kabisa. Ukitaka kwenda huko unaanza upya mwaka wa kwanza kama aliyetoka sekondari jana.

Sasa pesa. Hapa nitakaa sana, mwanangu, kwa sababu hapa ndipo nilipoona vijana wetu wanaumia.

Chuo kilichokulipia wewe kilikulipia ukiwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Usidhani kwamba chuo kingine kinachojulikana kwa ukarimu kitakuwa na ukarimu ule ule kwa mgeni anayehamia. Yako makundi 3 na unapaswa kujua kila chuo kwenye orodha yako kiko kundi gani. Kuna vyuo vichache mno ambavyo huamua bila kuangalia kama una uwezo wa kulipa, hata kama wewe ni mgeni, kisha hulipa pengo lote: Harvard, Yale, Princeton na MIT wamo humo. Kuna vyuo vinavyotoa msaada kwa wageni lakini vinauangalia mfuko wako wakati wa kuamua, maana yake ukiomba pesa nyingi unashindana kwenye foleni nyembamba zaidi. Halafu kuna kundi la tatu, ambalo ndilo linalowanasa watu: vyuo vinavyompa mgeni wa mwaka wa kwanza msaada mkubwa, lakini mgeni anayehamia hawampi hata senti. Ukurasa wa msaada wa kifedha unapendeza, unausoma wote unafurahi, na sentensi inayokuhusu wewe iko chini kabisa, au iko ukurasa mwingine.

Nilimsaidia kijana mmoja wa hapa hapa Tanga, miaka kadhaa iliyopita. Alikubaliwa na chuo kikubwa, akafurahi, akaandika barua ya kuaga chuo chake cha zamani siku ile ile, akarudisha na nafasi yake ya bweni. Barua ya msaada ikaja wiki 2 baadaye: sifuri. Chuo cha zamani kilimwambia kwamba fungu lake limeshapangwa upya. Alikaa nyumbani mwaka mzima kabla hajapata pa kuendelea. Sijasahau sura ya mama yake alipokuja kuniuliza kama kuna la kufanya, na mimi sikuwa na la kumjibu. Tangu siku hiyo kila ninayemshauri humwambia jambo hili kabla ya lolote: barua ya kukubaliwa isikufanye ufanye chochote mpaka barua ya pesa iwe mkononi, yenye tarakimu, yenye idadi ya mihula watakayokulipia.

Mama yako amesema usiache mbachao kwa msala upitao, na amesema kweli. Mweleze hivi: kuomba si kuuacha mbacha. Unaendelea kusali juu yake. Unajiandikisha kozi za mwaka wa tatu huko uliko kama kawaida, unaomba bweni kama kawaida, unajaza fomu za msaada wa mwaka ujao kama kawaida. Siku msala mpya utakapotandikwa mbele yako, umeushika kwa mikono, umeona una urefu gani, ndipo mtakaa na mama na baba muamue.

Kuhusu idadi ya mihula, kuna jambo ambalo watu wa fizikia huligundua wakiwa wamechelewa. Shahada ya Marekani kwa kawaida ni krediti 120 hivi, na vyuo hivi hutaka angalau nusu uzipate kwao, yaani ukae kwao miaka 2 kwa uchache. Ndiyo maana Harvard, kwa mfano, haimpokei mtu aliyekwisha kumaliza zaidi ya miaka 2 kwingine. Wewe upo mwaka wa pili. Maombi ya Machi hii inayokuja ndiyo nafasi yako ya mwisho kwa vyuo vingi, mwaka kesho utakuwa umepita. Lakini tazama upande wa pili: uhandisi una ngazi, huwezi kurukia ya tano bila ya nne. Mwenzako aliyeanza uhandisi tangu mwaka wa kwanza ameshasoma statiki, nguvu za vifaa, uchoraji wa kihandisi. Wewe utaingia unazo kalkulasi na fizikia nzuri, ila kozi hizo huna. Kwa uzoefu wangu mtu wa namna yako huhitaji miaka 3 baada ya kuhama, si 2. Na vyuo vingi hulipa msaada kwa mihula 8 kwa jumla, ikiwemo ile uliyosoma chuo cha kwanza. Muhula wa 9 na wa 10 nani atalipa? Swali hili liulize kwa barua pepe, kwa kila chuo, kabla hujalipa ada ya maombi, na jibu ulihifadhi.

Muhula huu, hata kabla hujajua utakwenda wapi, hakikisha unamaliza mfululizo wote wa kalkulasi na kozi ya milinganyo inayofuata, fizikia ya mekanika na ya umeme, kemia walau moja, na programu ya kompyuta. Hizo hazipotei. Na tunza muhtasari wa kila kozi, ule karatasi anaogawa profesa siku ya kwanza wenye mada na vitabu. Chuo kipya kitakadiria krediti zako kozi kwa kozi, na mwanafunzi asiye na muhtasari hukatwa kozi ambayo ameisoma kwa jasho.

Ipo njia nyingine ambayo hukuitaja, na naona haya kwamba walimu wetu huku hawawaambii watoto kabla hawajaondoka. Vyuo vidogo vingi vya aina ya chako vina mapatano na vyuo vya uhandisi: unasoma miaka 3 ulipo, unakwenda miaka 2 kwingine, unatoka na shahada 2, moja ya chuo chako na moja ya uhandisi. Columbia ina mpango wa namna hiyo na vyuo vingi vidogo. Nenda kwa mkuu wa idara ya fizikia umuulize: je, chuo chetu kina mpango wa 3 kwa 2, na nani? Kama kipo, wewe bado una muda, maana unaondoka baada ya mwaka wa tatu. Swali la pesa liko pale pale, tena kwa wageni linaweza kuwa gumu zaidi, kwa hiyo nalo uliulize kwa maandishi. Lakini ningekuwa wewe huu ndio mlango ambao ningeugonga wiki hii, kabla ya yote.

Na nikwambie kwa nini sitaki ujiambie tu kwamba fizikia inatosha. Umesema unataka kujenga, na naamini unataka kujengea nyumbani. Hapa kwetu Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, humsajili mtu mwenye shahada ya uhandisi inayotambulika, na shahada ya nje inapitia Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kutambuliwa. Ukija na fizikia peke yake utaajiriwa, utaheshimiwa, lakini mchoro wa gati hutausaini. Kama mwisho wa yote utabaki ulipo na kumaliza fizikia, kisha ukachukua shahada ya pili ya uhandisi, waandikie ERB mapema uwaulize watakusajili kwa njia ipi. Njia ya shahada ya pili si mbaya hata kidogo. Wanafunzi wengi wa fizikia huko hupata nafasi za kusaidia kufundisha au kutafiti zinazolipia masomo yao ya juu, na kwa pesa za familia yako hiyo inaweza kuwa njia nyepesi kuliko zote.

Sasa insha. Umeniandikia sentensi moja kuhusu baba na ukapita mbio kwenda kwa wajomba. Rudi kwa baba.

Watoto wa leo wa Tanga wakipita Raskazone wanaona meli imefunga gatini na kwao ni jambo la kawaida. Sisi tuliokulia hapa tunajua kwamba meli kubwa ilikuwa ikitia nanga mbali, kwenye maji ya kina, kwa sababu gatini kina kilikuwa kidogo. Mzigo ulishushwa kwenye tishari, tishari likavutwa mpaka gatini, mzigo ukapandishwa tena. Kazi moja ilifanywa mara 2, kwa mgongo wa watu kama baba yako. Kisha kina kikachimbwa kufikia mita 13, gati likaimarishwa, na meli zikaanza kuja zenyewe. Baba yako aliishi upande mmoja wa mabadiliko hayo. Wewe umeona upande wa pili. Hakuna mwombaji mwingine duniani atakayeandika hilo mwaka huu.

Muulize alikuwa akifanya nini hasa. Tishari lilibeba nini, mkonge, saruji, mbolea? Bahari ikichafuka walifanyaje? Nani aliumia? Alijisikiaje siku ya kwanza alipoona meli imefunga pembeni ya gati na kreni inanyanyua? Hayo ukiyapata, insha itajiandika. Kisha useme waziwazi: nilipokuja hapa sikujua kwamba uchimbaji wa lango la bandari na ujenzi wa gati ni taaluma inayosomewa, nimeijua hapa, kwa fizikia niliyosoma hapa, na sasa nahitaji kozi hizi na hizi, ambazo chuo changu hakina. Zitaje kozi kwa majina yake. Taja maabara ya mawimbi au ya udongo kama chuo unachoomba kinayo, lakini uwe umesoma kweli kinachofanyika humo. Usikiseme vibaya chuo chako hata kwa neno moja. Msomaji wa maombi anajiuliza: huyu akija kwetu akakosa kitu, na sisi atatusema hivi?

Hapo tunafika kwenye shukrani, na nimeliacha hili makusudi mpaka sasa kwa sababu ndilo, nahisi, linalokunyima usingizi. Tumelelewa kwamba aliyekulisha humpi kisogo. Malezi hayo ni mema na nisingependa uyaache uwanja wa ndege. Lakini profesa wako haioni hivyo. Kwake kuhama ni jambo la kawaida, ameona wengi, na wengi wa maprofesa hao wenyewe walisoma vyuo 3 au 4. Vyuo vingi vitadai barua 2 za maprofesa waliokufundisha chuoni, pamoja na ripoti inayojazwa na ofisi ya msajili au mkuu wa wanafunzi kuthibitisha kwamba huna kesi ya nidhamu, na pengine ripoti ya alama za katikati ya muhula ambayo kila profesa anaijaza. Kwa hiyo hata ukitaka kuficha huwezi. Afadhali wasikie kwako kuliko kwenye fomu.

Nenda ofisini kwa profesa anayekujua zaidi, mwezi Novemba, kabla hawajazidiwa na mitihani. Mwambie: Profesa, hapa nimefundishwa vizuri kiasi kwamba nimejua ninachotaka, na ninachotaka kinahitaji uhandisi. Ningeomba ushauri wako kwanza, na ukiona inafaa, barua. Ukianza kwa kuomba ushauri utaona anavyofunguka. Anaweza akakuambia jambo ambalo mimi hapa Tanga silijui, kwa mfano kwamba ana rafiki anayefundisha mahali fulani, au kwamba chuo kinaruhusu kusoma muhula mmoja au mwaka chuo kingine huku msaada wako ukikufuata. Akikukatalia barua, usilazimishe. Barua ya shingo upande inaua ombi. Na akikuandikia, hata usipohama, ukienda shahada ya pili barua hiyo atakuandikia tena, bora zaidi.

Neno dogo kuhusu GPA, kwa ajili ya wazazi wanaosoma hapa. Ya huko inaishia 4.0, haiishii 5.0 kama ya UDSM. Kwetu 3.8 ni daraja la pili la juu. Huko ni alama ya mtu aliyepata A karibu kila kozi. Kwa hiyo mama akisikia 3.8 asisikitike. Ila kwa vyuo tunavyovitaja, 3.8 inakuweka kwenye kundi linalosomwa, haikuingizi. Alama za muhula huu wa mwaka wa pili zitatazamwa kuliko zote, hasa kalkulasi na fizikia. Matokeo yako ya kidato cha 4 na cha 6 nayo yatadaiwa tena, basi mwambie mdogo wako akutafutie nakala zilizothibitishwa mapema, maana ukianza kuhangaikia vyeti mwezi Februari utakesha. Na baadhi ya vyuo hudai SAT, ule mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, hata kwa anayehamia. Angalia kila kimoja.

Karatasi za pesa zitakuhitaji nyumbani zaidi. Vyuo vingi hutumia fomu iitwayo CSS Profile, ambayo hulipiwa dola 25 kwa chuo cha kwanza na 16 kwa kila kinachofuata. Usione aibu kuwaandikia kuomba wakufutie malipo. Baba ana barua ya pensheni, hiyo ni rahisi. Mama, kama anafanya biashara isiyo na hesabu za maandishi, basi apate barua ya ofisi ya serikali ya mtaa inayoeleza kazi yake na kipato cha makadirio, na akae na daftari la mauzo walau kwa miezi 3. Tarakimu mtakazoandika zilingane na zile mlizopeleka chuo cha kwanza, au kama zimebadilika, eleza kwa nini: baba amestaafu, mdogo wako ameanza sekondari. Tarakimu 2 zisizofanana bila maelezo huleta maswali hata pale ambapo hakuna aliyedanganya.

Ukishakubaliwa na pesa zikawa zimeandikwa, ndipo unakwenda kwa mshauri wa wanafunzi wa kigeni wa chuo chako. Rekodi yako ya viza ya F-1 iko kwenye mfumo wa serikali uitwao SEVIS, na chuo chako cha sasa ndicho kinachoihamisha kwenda chuo kipya kwa tarehe mtakayokubaliana. Tarehe hiyo ikishapita, chuo cha zamani hakina uwezo tena juu ya rekodi yako, kwa hiyo usiipange mapema kwa haraka. Chuo kipya kitakutolea I-20 mpya, ile fomu ya chuo inayoambatana na viza ya mwanafunzi. Namba yako ya SEVIS inabaki ile ile na ile ada ya dola 350 hulipi tena. Usiache pengo la zaidi ya miezi 5 kati ya chuo na chuo. Na usije nyumbani likizo katikati ya shughuli hiyo bila kuzungumza na mshauri huyo, akuangalizie viza yako na masharti ya kuingia kama yalivyo siku hiyo. Najua Tanga inaita, hasa mwezi wa sita. Likizo moja ukikaa huko si kitu.

Utaomba vyuo vingapi? Ningekuwa na wewe mezani ningesema 4, visizidi 5, na kila kimoja kiwe kimepita maswali 3: kina uhandisi wa ujenzi au wa mazingira, kinampa mgeni anayehamia msaada, na kimekujibu kwa maandishi kuhusu mihula. MIT na Princeton wana idara ya uhandisi wa ujenzi na mazingira, na pesa zao ni za kuaminika, ila umeshaona tundu lilivyo dogo. Harvard na Yale wana uhandisi pia, lakini uhandisi wa ujenzi kama fani yake hawanao, na kama unataka gati huko utakwenda kufuata jina. Vingine 2 au 3 tafuta katika vile visivyotajwa kwenye filamu. Usishangae ukikuta kinachokufaa zaidi kina jina ambalo wajomba hawatalijua pia.

Na wajomba wenyewe, wape heshima yao. Wakikuuliza chuo kinaitwaje, kitaje, kisha waambie unachosoma kinahusu nini: kwa nini mchanga hurudi kuziba lango la bandari baada ya kuchimbwa, au kwa nini nguzo ya gati huliwa na kutu pale maji yanapopanda na kushuka kuliko chini kabisa. Mjomba wa Tanga aliyeikulia bandari atavuta kiti.

Muda wako ni huu: Novemba, idara ya fizikia na barua pepe za maswali ya pesa. Desemba ukimaliza mitihani, mpigie baba simu, usimwambie ni ya insha, mwache azungumze, wewe andika. Januari rasimu. Vyuo vingi vya aina hii hufunga kati ya Machi 1 na 15, na majibu huja Mei au mwanzoni mwa Juni. Rasimu ya kwanza nitumie ikiwa mbichi vile vile, kabla rafiki yeyote hajaisahihisha Kiingereza chake. Nataka kumsikia baba yako humo.